Kifungu cha Kiingereza na Mlango wa Elimu

Kata ya Kihonda iko upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Morogoro, katika njia kuu iendayo Dodoma. Atazamaye kusini kutoka hapo huiona milima ya Uluguru, na nyuma yake ana viwanda, chuo cha ufundi cha VETA, na nyumba nyingi za watu waliohamia mjini. Kila mwaka, watoto wamalizapo mtihani wa darasa la saba, wengi wa kata hii, kama wenzao wa miji mingine ya Tanzania, hawapumziki. Hupelekwa katika masomo ya kujiandaa na kidato cha kwanza. Wazazi hulipa ada, na kazi kubwa ya masomo hayo ni Kiingereza. Mtoto hupewa kifungu cha habari, akakisoma, akajibu maswali yaliyoandikwa chini yake. Zoezi hili huitwa ufahamu. Miaka minne baadaye atalikuta tena katika mtihani wa kidato cha nne, mwanzoni mwa karatasi ya Kiingereza.

Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi kifungu hicho kilivyopata uwezo wa kufungua na kufunga mlango wa elimu katika nchi yetu, na kuuliza kama kinapima kitu tunachodhani kinapima.

Uwezo huo haukuwako tangu awali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Morogoro mwaka 1882, na serikali ya Wajerumani iliyofuata ilitumia Kiswahili katika shule zake na katika ofisi nyingi za wilaya. Kijana aliyetaka ukarani wakati ule alihitaji Kiswahili kilichoandikwa vizuri. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi iliingia mikononi mwa Waingereza, na hapo ngazi ya elimu ikawa na vipande viwili. Madarasa ya chini yalisomeshwa kwa Kiswahili, ya juu kwa Kiingereza. Mwenye Kiswahili peke yake alifika katikati ya ngazi akakwama.

Katika kila kipandio palikuwa na mtihani wa kuchuja, na shule za juu zilikuwa chache mno. Kijana aliyefaulu katika sehemu za Magharibi au za Ziwa aliweza kufika Shule ya Tabora, na waliokuwa hodari kupita wengine walivuka mpaka kwenda Makerere, Uganda. Julius Nyerere alipita njia hiyo. Aliingia Tabora mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943. Baadaye mtihani mkuu wa shule za sekondari ulikuwa ule wa Cambridge. Maswali yalitungwa Uingereza, na majibu yakapakiwa na kurudishwa huko kusahihishwa. Kanuni moja ya cheti kile yafaa ikumbukwe: aliyeanguka katika Kiingereza alikosa cheti, hata kama alikuwa bingwa wa hesabu. Hivyo lugha haikuwa somo mojawapo miongoni mwa masomo. Ilikuwa bawabu wa masomo yote.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, bawabu huyo alibaki mlangoni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na maandishi ya Mwalimu juu ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1971 Tanzania ilijitenga na mtihani wa Cambridge, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Watunzi na wasahihishaji sasa walikuwa wananchi. Lakini lugha ya mtihani wa sekondari ilibaki ile ile, ila kwa masomo machache. Matokeo yake ni ajabu kidogo. Zamani mtoto aliingia sekondari akiwa amekwisha kusoma madarasa kadhaa kwa Kiingereza. Baada ya 1967 aliingia akiwa amekisoma kama somo tu, na asubuhi ya kwanza ya kidato cha kwanza alitakiwa asome jiografia, hesabu na sayansi kwa lugha hiyo. Daraja lilipandishwa juu, ngazi ya kulifikia ikafupishwa.

Wataalamu hawakunyamaza. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walionyesha haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilishauri kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kupanda hatua kwa hatua mpaka chuo kikuu. Shauri hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania tangu shule za msingi hata vyuo. Waliona kwamba kama mwanafunzi mmoja tu katika kila kumi wa kidato cha nne ndiye aliyefikia kiwango ambacho mtu angetarajia masomo ya Kiingereza yaanzie. Yaani tisa walikuwa wakimaliza safari kabla hawajafika pa kuanzia. Hata hivyo wataalamu hao hao walishauri Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia, na Uingereza ikatoa fedha za mradi wa kukisaidia, ambao katika miaka ya mwisho ya 1980 ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi vya kusomwa kwa wingi.

Katika shauri la vitabu vyepesi palikuwa na hekima ambayo masomo ya kujiandaa na mtihani huisahau. Mtu hujifunza kusoma kwa kusoma mengi anayoyaelewa na kuyapenda. Kifungu cha ufahamu kwa asili yake ni kijiko kinachochotwa chunguni ili kuonja kama chakula kimeiva. Mpishi mwenye akili haonji chungu kisicho na kitu. Lakini mtoto asiye na vitabu, naye anatakiwa afaulu, hulishwa vijiko vya kuonjea mwaka mzima, akaambiwa kwamba hicho ndicho chakula.

Tena kijiko chenyewe hudanganya. Natoa mfano wa maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote: Mshoravu alikifulamba kigwelo karibu na mrewanzi. Sasa nauliza: Ni nani aliyekifulamba kigwelo? Alikifulambia wapi? Msomaji atajibu mara moja kwamba ni mshoravu, tena karibu na mrewanzi, na atapata alama zote mbili. Hajui mshoravu ni mtu au mnyama, wala kama kigwelo kimevunjwa au kimepakwa rangi. Ametafuta maneno ya swali ndani ya kifungu akanakili yaliyo jirani. Mwanafunzi aliyezoeshwa maswali ya mitihani iliyopita hujifunza ufundi huu upesi. Ufundi huo ni dalili ya akili, kwa maana mtu asiye na akili asingeugundua, lakini si ufahamu.

Madhara huonekana zaidi tukiacha karatasi ya Kiingereza na kwenda katika karatasi nyingine. Tumtwae mtoto aliyezaliwa Mgeta au Matombo, katika Uluguru. Lugha yake ya kwanza ni Kiluguru, ya pili Kiswahili. Ardhi ya milimani ameijua kwa mikono na miguu. Ameona mvua ikichukua udongo wa shamba la mteremko, na pengine amesikia kwa wazee habari za matuta ya ngazi ambayo serikali ya kikoloni iliamuru yachimbwe tangu 1950, na jinsi watu walivyoinuka kuyapinga mwaka 1955, hata amri ile ikaachwa. Mtoto huyu akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini udongo humomonyoka, na kwa nini watu huweza kukataa dawa ya ugonjwa wanaoujua, angesema mambo ambayo mwalimu mwenyewe angeyaandika. Akiulizwa kwa Kiingereza hunakili maneno ya swali, au huacha nafasi tupu. Msahihishaji huandika sifuri ya jiografia. Ni sifuri ya nini hasa? Ya udongo, au ya lugha?

Hapa ndipo naliona kosa. Tunadhani tuna mtihani mmoja wa ufahamu wa Kiingereza katika karatasi moja. Kwa kweli karibu kila karatasi ya sekondari ni mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, wakati jina lililo juu ya karatasi ni fizikia, biolojia au historia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa, kiasi cha watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri, na nchi ikashtuka. Tume iliundwa, na alama zikapangwa upya mwaka 2013. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na upungufu wa walimu na vitabu ulikuwa wa kweli. Lakini mtihani wa namna ile hauwezi kutuambia ni wangapi hawakujua jibu, na ni wangapi hawakulijua swali.

Mtu atasema kwamba ulimwengu mzima hufanya hivyo. Sivyo. Tutazame China, nchi yenye desturi ya mitihani kuliko nyingine zote. Mitihani yake ya kifalme ya kupata maofisa ilidumu zaidi ya miaka elfu moja, ikafutwa mwaka 1905. Mtihani wake wa sasa wa kuingilia vyuo vikuu, uitwao gaokao, ulianza mwaka 1952, ukasimamishwa mwaka 1966 katika Mapinduzi ya Utamaduni, ukarudishwa mwaka 1977, na watu zaidi ya milioni tano wakaufanya. Lugha ya kigeni, ambayo kwa wengi ni Kiingereza, ni mojawapo ya masomo makuu matatu pamoja na Kichina na hisabati. Vijana wa huko nao hukesha wakifanya mazoezi ya vifungu vya ufahamu, nao walimu hulalamika juu ya kukariri. Tofauti ni moja, lakini ni kubwa. Kijana wa China akianguka katika kifungu cha Kiingereza, ameanguka katika Kiingereza. Hisabati yake inapimwa kwa Kichina, na fizikia yake vile vile. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Yeye hucheza ugenini siku moja. Wetu hucheza ugenini karibu siku zote za mtihani.

Matunda ya mpango ule hayako mbali na Kihonda. Dakawa, katika njia hiyo hiyo ya Dodoma, kuna kituo cha kilimo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2011. Taifa lililosomesha kilimo kwa lugha yake limepata wataalamu wa kuwatuma mpaka Morogoro.

Wapo wanaohofu kwamba kukiondoa Kiingereza katika kufundishia ni kumfungia mtoto dunia. Hofu hii ina haki yake. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alikitetea Kiingereza, akikiita Kiswahili cha dunia, na anayeingia Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Mzumbe hukuta vitabu vingi vya lugha hiyo. Lakini kukifundisha Kiingereza ni jambo moja, na kufundishia kwa Kiingereza ni jambo jingine. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell waliandika hivyo mwaka 1997, na hoja yao haijajibiwa. Wala Kiswahili si maskini wa istilahi kama inavyodhaniwa. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2015 ilitaja lugha zote mbili kuwa za kufundishia. Lakini katika chumba cha mtihani wa sekondari Kiingereza kiliendelea kutawala.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa pande mbili, tena upande mmoja hauwezi kusimama bila mwenzake. Kwanza, kifungu cha Kiingereza kibaki katika karatasi ya Kiingereza, na kiwe kigumu kadiri ipasavyo, chenye maswali ambayo hayajibiwi kwa kunakili. Na mtoto akiandae kwa vitabu vingi vya kusoma kabla ya kukiandaa kwa maswali. Pili, karatasi nyingine zimuulize mtahiniwa kwa lugha anayoielewa, ili sifuri ya jiografia iwe ya jiografia. Mzazi wa Kihonda anayelipa ada ya masomo ya kujiandaa hana kosa lolote. Ameutazama mlango akaona umefungwa kwa kufuli gani, naye anamnunulia mwanawe ufunguo. Walioweka kufuli ndio wenye kuulizwa kama nyuma yake kuna hazina iliyostahili kulindwa hivyo, au ni watoto wetu wenyewe waliofungiwa nje.