Kununua chakula kwa wakulima wa karibu: mashirika na makampuni Koni na Likasi

Koni iko kando ya mto Lufira, upande wa Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga. Wengi wanaijua kwa mtambo wake wa umeme, uliojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya shaba. Watu wa eneo hili wanalima mahindi, muhogo na mboga. Hata hivyo, unga wa bukari unaopikwa Likasi na Lubumbashi mara nyingi unatoka Zambia. Zambia inapozuia mahindi yake yasitoke, bei hupanda upesi kwetu, na kuna nyumba zinazobaki na mlo mmoja kwa siku.

Kwa hiyo swali la nani ananunua chakula kwa nani linagusa kila mshirika wa kanisa, awe mkulima au mfanyakazi wa mgodi.

Ushirikiano huu ni nini?

Una pande tatu. Wakulima wanalima na kuuza kwa pamoja. Shirika la maendeleo, lile tunaloita ONG, linafundisha na kusaidia kupata mbegu, ghala na mizani. Mnunuzi anaahidi kuchukua kiasi fulani kwa bei iliyopatanwa. Anaweza kuwa kampuni inayolisha wafanyakazi wake, kiwanda cha unga, shule au hospitali. Msaada wa chakula unaisha gunia linapoisha, lakini mkulima mwenye soko la hakika anapanda tena.

Yaliyokwisha kujaribiwa

Moïse Katumbi alipokuwa gavana wa Katanga, kati ya 2007 na 2015, makampuni ya migodi yalitakiwa kulima hekta 500 kila moja. Nia ilikuwa njema, lakini kampuni ya shaba si mkulima. Tena shamba la kampuni halimpi soko jirani mwenye hekta moja.

Njia nyingine ilionekana Kabalo, katika jimbo la Tanganyika la leo. Mwaka 2008 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (PAM) lilianzisha mpango wa kununua mazao ya wakulima wadogo katika nchi 20, na Kongo ilikuwa mojawapo. Kabalo, PAM ilishirikiana na FAO: vikundi vya wakulima vilisaidiwa kulima vizuri zaidi, kisha PAM ikawa mnunuzi.

Sheria nayo imefungua mlango. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kampuni inayochimba itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Jamii inaweza kuomba sehemu ya fedha hizo ijenge ghala au itengeneze barabara ya shamba.

Mahali mapatano yanapovunjika

Mvua za kwetu huanza karibu na Novemba, na mavuno huja kuanzia Aprili. Mkulima mwenye deni au mgonjwa nyumbani hawezi kungoja. Mnunuzi mkubwa akisema atalipa baada ya miezi miwili, mkulima anamwuzia mchuuzi wa kwanza mwenye pesa mkononi, hata kwa bei ndogo. Ndipo mnunuzi anasema wakulima hawana neno moja, nao wakulima wanasema kampuni inadanganya. Dawa ni kulipa siku ile ile ya kupima. Kama kampuni haiwezi, shirika au chama cha akiba kitangulize sehemu ya malipo.

Tatizo la pili ni kipimo. Sokoni tunapima kwa meka, na meka hazilingani. Mnunuzi mkubwa anataka kilo. Anataka pia mahindi makavu: kanuni ya Afrika Mashariki inaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5, kwa sababu mahindi mabichi yanashika ukungu wenye sumu.

Kanisa linaweza kufanya nini?

- Kuwakusanya wakulima kabla ya kupanda, wajue wataweza kutoa magunia mangapi.
- Kuwasaidia kuandikisha ushirika. Chini ya sheria ya OHADA, watu watano wanatosha kuanzisha ushirika wa aina rahisi.
- Kutoa mahali pakavu pa kuweka magunia, na mizani ambayo kila mtu anaweza kuisoma.
- Kuwa shahidi wa mapatano. Mchungaji asiwe mtunza hazina. Fedha zishikwe na watu waliochaguliwa, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni

Ni kilo ngapi, na bei gani? Nani analipa usafiri? Malipo ni siku gani? Mvua ikikosekana, hasara ni ya nani? Shirika likiondoka, mnunuzi atabaki?

Kama swali moja halina jibu kwenye karatasi, msitie sahihi bado. Mama aliyelima tangu Novemba anastahili kujua siku atakayolipwa kabla hajapakia gunia lake la kwanza.