Ziwa, Milima na Uwanja: Jiografia Asilia na Utalii wa Michezo katika Rohero, Bujumbura

Rohero, kitovu cha Bujumbura, imekaa katika ukanda mwembamba kati ya Ziwa Tanganyika, lililo takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari, na milima ya mashariki inayopanda ghafla hadi kupita mita 2,000. Umbo hilo ni zao la Bonde la Ufa. Ndilo lililoufanya mwambao huu ufae kwa bandari na kituo cha kijeshi cha Wajerumani, Usumbura, mwishoni mwa karne ya 19. Ndilo pia lililogawa michezo ya mji: kuogelea na mashua ufukweni, kandanda kwenye tambarare, mbio kwenye miteremko.

Hata hivyo, ufuko si mpaka usiohama. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo. Mlango huo ulipozibuka mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yalishuka. Mwaka 1964 yakapanda mno. Na kati ya 2020 na 2024 yakafurika tena, yakafunika fukwe na kuingia katika hoteli na makazi. Waliojenga karibu na maji katika miongo ya kina kifupi walijenga juu ya kumbukumbu fupi.

Tambarare nayo ina funzo lake. Katika uwanja wa Rohero, uliobeba jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore na sasa ukiitwa Intwari, Burundi ilitoka sare ya 1–1 na Gabon tarehe 23 Machi 2019, ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Tarehe 9 Juni 2022, mechi ya Burundi ya nyumbani dhidi ya Kameruni ilichezwa Dar es Salaam. Milima na ziwa havikuhama. Kilichohama ni mechi, pamoja na wageni wake na matumizi yao.

Historia hii inaonyesha kwamba jiografia huamua mahali mchezo unapoweza kuzaliwa, lakini miundombinu ndiyo huamua mgeni atalala wapi. Kwa hiyo, mipango ya utalii wa michezo Bujumbura haina budi kuanza na mambo mawili: mstari wa ujenzi unaopimwa kwa vina vya maji vya 1964 na 2024, na uwanja unaokidhi viwango vya kimataifa. Bila ya hayo, uzuri wa asili utaendelea kusifiwa Rohero, na mapato yake kuhesabiwa kwingine.