Chombo Chenye Manahodha Elfu Moja

Msikilizaji mpenzi, wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Methali hiyo nimeisikia katika mikutano mingi, na mara nyingi anayeitoa ni yule ambaye tayari ameshika usukani na hapendi kuuachia. Wiki hii nataka tuipime methali hiyo kwa kisa cha kweli. Kipo chombo chenye manahodha wapatao elfu moja. Chombo hakiwalipi mshahara. Wametawanyika katika nchi nyingi, na wengi wao hawajawahi hata kupeana mikono. Chombo hicho kinaitwa Debian, na kimo baharini tangu mwaka 1993.

Nianze mwanzo. Kompyuta bila programu ni kama redio bila stesheni. Utaiwasha, lakini hutasikia kitu. Ziko kampuni zinazouza programu na kuyaficha maandishi yake, mithili ya mpishi anayeuza pilau lakini hataki ujue viungo. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alianzisha harakati ya kupinga jambo hilo. Alidai ziwepo programu huria, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuyasoma maandishi yake, kuyarekebisha na kuyagawa. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha kuendeshea mashine, kikaitwa Linux. Vipande vikawa vingi, kutoka kwa watu wengi. Nani angeviunganisha viwe kitu kimoja kinachofanya kazi?

Tarehe 16 Agosti 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani, alitangaza kwamba ataifanya kazi hiyo na akawaalika wengine wamsaidie. Aliunganisha jina la mchumba wake Debra na lake mwenyewe, Ian, akapata Debian.

Watu walimiminika. Katika miaka iliyofuata kila programu ilifungwa katika kifurushi chake, na kila kifurushi kikapata mtunzaji. Ndani ya kifurushi chake, mtunzaji ndiye mwamuzi. Haombi ruhusa kwa mtu, ila afuate kanuni za pamoja zinazofanya vifurushi vyote vikae vizuri katika mashine moja. Toleo la Juni 1996 lilikuwa na vifurushi 474. Miaka miwili baadaye, Julai 1998, vilikuwa vimezidi 1,500, na watunzaji wamezidi 400. Hiyo ndiyo siri yao ya kwanza. Hawakuwarundika manahodha wote katika jahazi moja. Kila mmoja alipewa ngalawa yake, kisha wakakubaliana njia ya kupita.

Lakini ngalawa mia nne zikikutana mkondoni, nani anapisha? Murdock aliacha uongozi mwaka 1996, akampokeza Bruce Perens. Mwaka 1997 wakaandika mkataba wa kuwaahidi watumiaji kwamba Debian itabaki huria. Mwishoni mwa mwaka 1998, kiongozi akiwa Ian Jackson, wakapitisha katiba.

Katiba hiyo nimeisoma, na ninakiri kwamba ilinishangaza. Inasema waziwazi kwamba hakuna mtu anayelazimishwa kufanya kazi yoyote. Hata ukipangiwa, unaweza kukataa. Sharti ni moja: usiyapinge kwa vitendo maamuzi yaliyofikiwa kwa utaratibu. Kiongozi huchaguliwa kwa kipindi cha mwaka mmoja. Anaweza kuwateua wajumbe wa kushika shughuli fulani, lakini hawezi kumwamuru mtunzaji afanye hivi au vile katika kazi yake. Mabishano ya kiufundi huenda kwenye kamati ya ufundi, nayo ikitaka kutengua uamuzi wa mtunzaji ni lazima ipate kura tatu kwa moja. Na juu ya wote wako wanachama wenyewe, wanaoweza kubadili uamuzi wa kiongozi kwa kura. Tena katika karatasi ya kumchagua kiongozi, pamoja na majina ya wagombea, ipo nafasi ya kusema kwamba hakuna anayefaa. Ni chaguzi ngapi tulizopiga kura mimi na wewe ambazo zingehitaji nafasi hiyo!

Msikilizaji utasema, basi mambo yalinyooka. Hasha. Toleo lililotoka Julai 2002 lilifuatiwa na jingine Juni 2005. Ni karibu miaka mitatu ya kungoja, katika fani ambayo miezi sita ni umri. Kulikuwa na programu ya kupachika mfumo iliyobidi iandikwe upya, na vifurushi vilikuwa vimeongezeka mno. Lakini tatizo kubwa zaidi lilikuwa la kimuundo. Kila ngalawa ilikuwa tayari kwa wakati wake, na hapakuwa na mtu wa kusema, kesho tunang'oa nanga, aliye tayari aje. Wakati huohuo, mwaka 2004, tajiri wa Afrika Kusini Mark Shuttleworth aliichukua kazi ya Debian akajenga juu yake mfumo mwingine. Aliajiri watu kwa mshahara na kupanga toleo kila miezi sita. Akauita Ubuntu, kwa neno ambalo sisi Waswahili tunalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno utu.

Debian nao wakajaribu dawa ya fedha. Mwaka 2006 kiongozi wao na wenzake kadhaa waliunda mpango wa pembeni wa kuchanga pesa ili wawalipe wasimamizi wawili wa matoleo kwa muda mfupi, toleo lipate kutoka Desemba. Ugomvi uliozuka ulikuwa mkubwa. Watu waliokuwa wakijitolea kwa miaka mingi waliuliza: kwa nini hawa na si mimi? Wengine walipunguza kasi. Ilipigwa hata kura ya kumwondoa kiongozi, ikashindwa. Toleo lenyewe lilitoka Aprili 2007. Mimi simlaumu aliyewaza fedha, kwani kila mtu ana tumbo. Ila kazi ya kujitolea ina heshima yake, na heshima hiyo ukiitia bei kwa wawili, umewaambia wengine wote waliobaki kwamba yao haina bei.

Dawa iliyofaa ilikuwa nyingine. Timu ya matoleo ilipewa mamlaka ya kutangaza lini milango inafungwa, pamoja na mamlaka ya kukiacha nje ya toleo kifurushi chenye kasoro kubwa zisizorekebishwa. Tazama hekima yake. Hawamlazimishi mtunzaji kufanya kazi, maana katiba hairuhusu. Wanamwambia tu: ndugu yetu, usipoziba tundu, ngalawa yako itabaki ufukweni na sisi tutaondoka. Tangu mwaka 2005 matoleo yamekuwa yakitoka takriban kila miaka miwili.

Bado lilikuwepo tundu ambalo hakuna aliyeliona. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa kifurushi kinachotengeneza funguo za siri za kompyuta aliondoa mistari michache, kwa kuwa chombo cha ukaguzi kilikuwa kikiilalamikia. Hakuwa mzembe. Aliwauliza kwanza walioiandika programu hiyo, na hawakumzuia. Kumbe mistari ile ndiyo iliyokuwa ikiufanya kila ufunguo uwe tofauti na mwingine. Kwa kila aina ya ufunguo zikabaki funguo kama 32,768 tu ambazo mashine ingeweza kuzitoa. Kwa binadamu ni nyingi. Kwa mwizi mwenye kompyuta ni kazi ya saa chache. Kosa hilo liligunduliwa na mwenzao, Luciano Bello wa Argentina, likatangazwa Mei 2008. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu milango isiyohesabika duniani ilikuwa na kufuli za bandia, na wenye nyumba wakilala usingizi.

Hapo ndipo methali yetu inapogeuka. Chombo hakikwenda mrama kwa sababu ya manahodha wengi. Kilikwenda mrama mahali ambapo nahodha alikuwa mmoja na hapakuwa na jicho la pili. Leo vifurushi vingi vya Debian viko mikononi mwa timu, ingawa watunzaji wa peke yao bado wapo.

Niliwahi kuwa mwanachama wa chama cha kuzikana mtaani kwetu. Mweka hazina alikuwa mwaminifu kupita kiasi, kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumwomba aoneshe daftari au atoe ufunguo wa pili wa sanduku. Siku moja akasafiri kwenda kumwuguza mama yake, na ufunguo mfukoni. Usiku wa tatu tukafiwa. Jirani yetu alizikwa kwa mkopo wa duka la sanda, na fedha zetu zimo sandukuni, tunaziangalia. Hakuna aliyeiba. Tulichokosa ni utaratibu, tukidhani kwamba uaminifu wa mtu mmoja unatosha.

Mwaka 2013 baadhi ya kompyuta zinazotumiwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu zilihamishiwa kwenye Debian. Ian Murdock alifariki Desemba 2015. Siku aliyofariki, chombo chake kilikuwa kimeshasafiri bila yeye kwa karibu miaka ishirini, kikiongozwa na mtu aliyechaguliwa kwa mwaka mmoja, chini ya katiba ambayo kila mwanachama anaweza kuisoma.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiwa katika kamati ya shule, ya harusi, ya msikiti au ya kanisa, uliza mambo matatu kabla ya kugombea cheo. Nani anaamua nini? Imeandikwa wapi? Na yeye asipokuwepo, ufunguo wa pili uko kwa nani? Wakikujibu kwa methali ya manahodha wengi, waombe kwanza wakuoneshe daftari. Hadi wiki ijayo, kwaheri.