Karanga za Kongwa

Mwaka jana, katika mazungumzo ya baada ya chakula cha jioni, mpwa wangu alitamka kwamba ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza hapa Tanganyika ulikufa kwa sababu Waafrika walikuwa wavivu. "Mjomba, nimesoma," aliniambia. "Waliletewa matrekta, waliletewa fedha, kazi ikawashinda." Nilitaka kumkemea, nikajizuia. Sauti ile niliijua. Zamani ilikuwa yangu.

Tuanze na historia yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula, na wananchi wake walipata chakula kwa mgawo. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa majuma machache, sehemu nyingine ukizitazama kutoka ndegeni. Serikali ya London ikakubali: zaidi ya ekari 3,000,000, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya paundi milioni 25 hivi. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Baadaye zikafuata Urambo na Nachingwea.

Kongwa ilipendeza kwa kuwa ilionekana tupu, haina watu wengi wa kuhamishwa. Swali la kwa nini ilikuwa tupu halikupewa uzito. Kumbukumbu za mvua hazikutosha, na mvua ya huko ni chache tena ina kigeugeu. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya vita, yamekwisha kuchoka kabla hayajafika. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Vichaka vilikuwa na mizizi iliyovunja majembe ya mashine, na mibuyu haikukubali kung'oka upesi. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 8,000.

Adui mkubwa zaidi alikuwa chini ya miguu yao. Karanga ina tabia yake. Ua likishatunga, hutoa kikonyo kinachoinama na kupenya ardhini, na punje hukomaa humo humo. Kwa hiyo karanga hutaka udongo laini mara mbili: siku ya kikonyo kuingia na siku ya kuvuna. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika, jua huuchoma ukawa kama tofali. Mashine zilipokuja kuvuna, ardhi ilikuwa imefumba kinywa. Januari 1951 mpango ulivunjwa, na hasara ikawa paundi milioni 36 hivi. Je, mwenye jembe la mkono na ujira mdogo ndiye aliyelaza kifaru?

Haya yote niliyajua kitabuni nilipohamishiwa Kongwa kufundisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati huo Kongwa ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mpwapwa. Niliyajua, wala hayakunisaidia. Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, ambako mahindi huota hata mtu asipoyaangalia sana. Nilipowaona Wagogo wakilima uwele na mtama mwaka baada ya mwaka, nilijiambia kuwa hawa wanapenda njaa yao. Ndivyo nilivyosema, tena mbele ya wanafunzi.

Jirani yangu alikuwa mzee aliyefanya kibarua katika mpango ule akiwa kijana, kazi ya kukusanya visiki nyuma ya mashine. Aliponiona ninaandaa ekari nne za mahindi kwa akiba yangu yote, alikuja akasimama mpakani.

"Mwalimu, hapa weka uwele."

"Babu, mahindi yana faida zaidi."

"Yana faida mvua ikikaa," akasema, akaondoka.

Desemba mvua ilinyesha vizuri, na mahindi yangu yakapanda hadi kifuani. Nilipita shambani kwa maringo. Mwishoni mwa Januari mvua ilikatika. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua, na huo ndio wakati yasipovumilia kiu hata kidogo. Kila asubuhi niliyakuta majani yamejikunja kama sigara. Uwele wa mzee ulisinyaa kidogo, ukangoja, mvua iliporudi ukaendelea. Mimi nilivuna magunia mawili. Ada ya mdogo wangu ilikuwa ndani ya shamba lile, na mwaka ule hakuendelea na shule.

Mzee hakunicheka. Alituma mjukuu wake na debe la uwele, nikalipokea kwa aibu. Ndipo nilipotambua kwamba mashamba ya Wagogo yalikuwa ripoti kamili ya mvua na udongo, imeandikwa kwa miaka mingi, na kwamba wataalamu wa 1946 nami tuliipita njiani bila kuisoma.

Simaanishi kuwa kitabu ni bure. Kitabu ndicho kilichonieleza tabia ya karanga na hesabu ya hasara. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitabu kilinipa habari, na shamba likanivua kiburi.

Basi sikumkemea mpwa wangu. Nilimweleza habari za kikonyo, za tofali na za vifaru. Kisha nikamweleza habari ya mama yake, maana mdogo wangu aliyekosa ada mwaka ule ndiye aliyemzaa. Alikuwa hajaisikia. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza jina la yule mzee.