Plau, Viazi Vitamu na Matrekta ya Waya

Atakaye kuijua taarikhi ya kilimo katika nchi iliyo kati ya Jinja na Mbale, akaenda kuzipekua nyaraka za serikali ya kikoloni, ataikuta pamba imetangulia mahali pote: marobota yake, viwanda vya kuichambua, reli iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali ili kuichukua, na ile nyingine iliyotoka Tororo, ikapita Mbale, ikafika Soroti mwaka 1929 kwa haja hiyo hiyo, ilhali viazi vitamu, ambavyo ndivyo vilivyowashibisha walioilima pamba, na jembe na plau zilizoupindua udongo, atavikuta vimetajwa kwa nadra, tena kwa ufupi. Kumbukumbu ya mambo hayo imehifadhiwa kwingine. Sehemu yake imo vinywani mwa mama zetu waliovuna, na sehemu yake, ambayo kwa maoni yangu haijapata kuthaminiwa ipasavyo, imo mikononi mwa watoto, waliokuwa wakiigiza kwa waya, kwa udongo wa kichuguu na kwa mabua ya mtama kila chombo walichokiona kikipita shambani kwa baba zao.

Mbegu za pamba zilizoletwa na Kenneth Borup mwaka 1903 zilipokwisha kuenea mashariki mwa Uganda, ilidhihiri upesi kwamba jembe la mkono peke yake halitatosha kwa mashamba ambayo watawala waliyataka. Na kwa kuwa Wateso walikuwa wafugaji, wenye ng'ombe wengi na nchi tambarare yenye udongo mwepesi, ndiko kwao, huko Kumi, kaskazini ya Mbale, plau ya kukokotwa na maksai ilikoingizwa mwaka 1909. Kazi yake ilitaka watu kadhaa: mmoja kuwaongoza maksai kwa mbele, mwingine kuwahimiza kwa fimbo, na wa tatu kuishika mikono ya plau na kuuzamisha ulimi wake kwa kadiri iliyo sawa, kwa maana ukizidi kuzama wanyama huchoka, na ukipungua majani hubaki yamesimama. Shamba lililokuwa likilimwa kwa wiki nyingi likawa la siku chache. Ila sharti isemwe pia, maana aghalabu husahauliwa, kwamba plau ilimpunguzia mwanamume kazi ya kulima na kumwongezea mwanamke kazi ya kupalilia, kwa kuwa shamba lilipanuka na palizi ilibaki ya mkono vile vile.

Mbale wenyewe, mji ulioanza kukua chini ya Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulisimama mpakani mwa dunia mbili za zana. Upande wa juu ni Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, wenye miteremko mikali ambamo jozi ya maksai haiwezi kusimama sembuse kugeuka, na huko jembe limebaki kuwa sultani mpaka leo, katika migomba, katika kahawa, na katika viazi ulaya vya nyanda za baridi, vinavyochimbwa na kuteremshwa kwa vichwa na kwa punda. Upande wa chini ni tambarare za Wagwere na Wateso, ambako nira, mnyororo na plau vilikuwa mali ya kutajwa pamoja na ng'ombe katika kuhesabu utajiri wa nyumba. Mtu aliyesimama katika soko la Mbale aliweza kuyaona mavuno ya pande zote mbili yakikutana.

Lakini mavuno ya viazi ninayotaka hasa kuyakumbuka ni yale ya viazi vitamu vya Busoga, nchi iliyo upande wa Jinja. Nchi hiyo ilipata mateso makubwa mwanzoni mwa karne ile: malale yaliua watu wengi sana kando ya Ziwa Viktoria, kisha njaa ya mwaka 1908 ikafuata, na njaa nyingine ikaja mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza. Watu waliopitia misiba hiyo walijua thamani ya chakula kilichofichwa ardhini, ambacho jua huchelewa kukifikia na ambacho hakihitaji ghala. Viazi vilipandwa katika matuta ya duara, marando yakachomekwa udongo ungali na unyevu, na baada ya miezi michache mama wa nyumba alianza kuvuna; si kwa kung'oa shamba zima kwa siku moja kama wafanyavyo wakulima wa viazi wa Ulaya, bali kidogo kidogo, kwa jicho na kwa kijiti chenye ncha. Alilitazama tuta mahali lilipopasuka, kwa sababu ufa ni dalili ya kiazi kilichonenepa. Akakifukua kile kimoja, akaurudisha udongo na kuushindilia kwa kiganja ili vilivyobaki viendelee kukua, na ili fukusi asipate mlango. Hiyo ni elimu kamili. Asiyeijua hudhani kwamba uvunaji ni nguvu tu, kumbe fukusi huingia katika nyufa hizo hizo wakati wa kiangazi, na anayechelewa kuzifunga huvuna uchungu.

Huko Teso, ambako kiangazi ni kirefu zaidi, viazi havikuachwa ardhini muda wote. Vilivunwa kwa wingi, vikamenywa, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya miamba na vichanja mpaka vikawa michembe, ambayo Wateso huiita amukeke. Au vikapondwa na kukaushwa vikawa inginyo, vya kusagwa pamoja na mtama au muhogo na kusongwa ugali wa atapa, ambao wengi huuchanganya na ukwaju. Ule weupe wa vipande vilivyoanikwa juani ulikuwa alama ya majira, na watoto waliwekwa zamu ya kulinda kuku na kutazama mawingu.

Trekta likaja baada ya vita vya pili, na hasa katika miaka ya 1950, wakati ambapo Jinja, iliyopata bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, ilikuwa ikigeuka kuwa mji wa viwanda. Serikali ilikodisha matrekta kwa wakulima, na baada ya uhuru ikaanzisha mashamba ya ushirika ya kulimwa kwa mashine. Mengi hayakudumu. Vipuri vilikuwa ghali na vilichelewa, mashamba ya watu yalikuwa madogo na yenye visiki, na trekta likiharibika katikati ya msimu, mvua haikulingoja. Hata hivyo lilikuwa limekwisha kuingia katika mawazo ya watoto.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Uingereza, kampuni ya Meccano ya Liverpool ilitoa mwaka 1948 trekta dogo la Massey-Harris katika jamii ya vichezeo viitwavyo Dinky, na mwaka 1959 kampuni iliyotengeneza vichezeo vya Corgi ikatoa Massey Ferguson 65. Na leo wapo watu wazima wa Ulaya wanaovikusanya kwa bidii, wakajua mwaka na rangi ya kila kimoja, na kwa njia hiyo wamezihifadhi mashine ambazo mashambani zimekwisha kutoweka. Siwalaumu, nawaonea wivu. Mtoto wa Busoga naye alitengeneza trekta lake kwa waya, magurudumu makubwa ya nyuma akayakata katika kandambili zilizokwisha, bomba la moshi akalisimamisha mbele, na usukani akaufunga katika kijiti kirefu ili aliendeshe huku akitembea. Mwingine wa Kumi alifinyanga maksai wa udongo, akawafunga nira ya kijiti. Kazi hizo zilikuwa na usahihi wa ajabu, maana mtoto hakuwa na picha ya kuigiza ila macho yake tu. Lakini hakuna aliyezikusanya, na mvua ya kwanza ilizirudisha ardhini.

Kisha ukaja mwaka 1986 na miaka iliyofuata, ambapo vita vya ndani na uvamizi wa wezi wa mifugo viliwapokonya Wateso na jirani zao karibu ng'ombe wote. Plau zikabaki zimeegemezwa ukutani bila mnyama wa kuzikokota, na watu waliokuwa wamelima kwa maksai tangu enzi za babu zao wakarudi kwenye jembe. Muhogo nao ukashambuliwa na ugonjwa wa batobato, na viazi vitamu, chakula cha wenye subira, vikawa tegemeo tena na hata biashara ya kupelekwa Kampala. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge walitoa aina za viazi vitamu ziitwazo NASPOT kuanzia mwaka 1999, na mwaka 2004 zikafuata Ejumula na Kakamega, zenye nyama ya rangi ya machungwa na vitamini A kwa wingi. Na mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda akawa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo. Ni fahari kubwa, wala haijasimuliwa vya kutosha shuleni kwetu.

Leo wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, na plau iliyolisha nyumba kwa vizazi vitatu hupimwa kwa kilo, ikapakiwa na kupelekwa kwenye tanuri za viwanda vya chuma, vya Jinja vikiwamo, itoke huko nondo za kujengea. Mwenye shida hauzi kwa kupenda, nami simhukumu. Lakini ninawaomba wazee wa kila kata wabakize japo plau moja na nira yake kamili. Walimu na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Elgon kilichoko Mbale, na mafundi wa karakana za Jinja, wazipime zana hizo na kuzitengenezea mifano midogo iliyo sahihi, ya chuma na ya waya, kabla hazijakwisha. Na Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, liipe mifano hiyo nafasi, pamoja na sauti za akina mama wakieleza jinsi ya kuusoma ufa wa tuta. Wewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu pana mama aliyevuna kwa kijiti, mwulize mwaka huu, na uandike atakayokuambia.