Viroboto wa Maji Walipopewa Kazi ya Ushahidi

Chota maji ya bwawa kwenye chupa, uiinue juani. Utaona vinukta vyeupe vikirukaruka. Hao ni dafnia, viroboto wa maji. Mweke mmoja chini ya hadubini: gamba lake ni angavu, moyo unaonekana ukidunda mgongoni, na mwani wa kijani ukipita utumboni.

Wa kwanza kuwapanga viumbe wa namna hii kwa madaraja ya uchafu walikuwa Wajerumani wawili, Richard Kolkwitz na Maximilian Marsson. Mwaka 1902 walitoa misingi ya kuyapima maji kwa viumbe waliomo. 1908 ikafuata orodha ya mimea, na 1909 ya wanyama. Hoja yao naiona nzito hadi leo. Kipimo cha kemia hueleza maji ya saa ile yalipochotwa tu, na sumu iliyomwagwa usiku asubuhi huwa imeshakwenda zake. Kiumbe aliyeishi humo ameyaonja maji hayo kila siku.

Mtoni, hata hivyo, zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini kama dafnia, ina tabu yake: haishindani na mkondo, husombwa nao. Ni bwawani, maji yanapotulia, ndipo inapozaliana na kuacha habari ya kusomeka.

Habari hiyo nayo ina mtego, na aliyeufichua ni Jaroslav Hrbáček wa Chekoslovakia, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliona kwamba samaki wakijaa majini, dafnia wakubwa huliwa, hubaki wadogo wasioweza kuuchuja mwani vilivyo, na maji huwa mazito ya kijani. Anayehesabu dafnia bila kuuliza habari za samaki atayalaumu maji taka kwa kosa lisilo lao.

Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Vladimír Sládeček, aliwageukia rotifera, wanyama wa majini wadogo zaidi ya dafnia. Mwaka 1983 alipendekeza hesabu nyepesi: idadi ya spishi za Brachionus, walio kama kikombe chenye miba ukingoni, igawanywe kwa zile za Trichocerca, waliopinda na kuchomoza mwiba mrefu nyuma. Jibu likiwa chini ya 1, maji yana rutuba haba; likipita 2, yamerutubika kupita kiasi, na mwani hauko mbali. Kazi yote hiyo yataka wavu wa matundu membamba, hadubini, na jicho linalojua kumtofautisha huyu na yule.