Chembe iliyopinda upande mwingine

Wenzetu, leo tunaacha kidogo historia ya wafalme na vita. Tunaongea juu ya mvua isiyolowesha mtu: miale ya kosmiki. Ni chembe ndogo sana kutoka anga za mbali, zinatupiga usiku na mchana na hatusikii kitu. Victor Hess wa Austria alizigundua mwaka 1912, alipopanda na puto zaidi ya mita 5,000 akakuta mionzi inaongezeka. Basi haikuwa inatoka ardhini.

Miaka 20 baadaye, kule California, kijana wa miaka 26, Carl Anderson, alikuwa anazipiga picha. Chombo chake kilikuwa chumba cha ukungu: chembe ikipita ndani inaacha mstari wa matone, kama ndege ya juu inavyoacha mstari mweupe. Akaweka na sumaku kali, sababu sumaku inapinda njia ya chembe yenye chaji, chanya huku, hasi kule. Tarehe 2 Agosti 1932 ikatokea picha ya ajabu. Mstari mwembamba kama wa elektroni, lakini umepinda upande wa chanya.

Tulipojadili hapa kikundini, mmoja wetu aliuliza: si inaweza kuwa elektroni ya kawaida iliyokuja kwa upande wa pili? Swali zuri. Ila Anderson alikuwa ameshaweka katikati bamba la madini ya risasi, unene milimita 6. Chembe ikipenya bamba inapoteza nguvu, na ikichoka inapinda zaidi. Kwenye picha ile, palipopinda zaidi ni juu ya bamba. Yaani chembe ilitoka chini ikipanda, na chaji yake ni chanya kweli. Protoni pia haikuwezekana, maana protoni yenye mpindo ule ingesimama baada ya hatua fupi tu. Ikaitwa positroni, pacha wa kinyume wa elektroni. Ndiyo antimata ya kwanza kutambuliwa. Paul Dirac wa Uingereza alikuwa ameitabiri kwa hesabu tu mwaka 1931.

Sehemu tunayoipenda zaidi lakini iko Asmara, Eritrea, enzi za ukoloni wa Italia. Mwaka 1933 Bruno Rossi na mwenzake walipeleka vifaa vya kuhesabu mionzi kwenye nyanda zile za juu. Dunia yenyewe ni sumaku, kwa hiyo kama miale mingi ni chanya, itakuja zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki. Wakahesabu, magharibi ikashinda. (Wengine walipata jibu hilo kule Mexico muda mfupi kabla.) Leo tunajua nyingi ni protoni, na hapo ndipo kazi ilipo, sababu positroni ina chaji ileile ya protoni. Ni kama kuchambua maharage ambamo mawe yamezidi maharage.

Mwaka 1938 sheria za kuwabagua Wayahudi zilimtoa Rossi kwenye kazi ya uprofesa Padua, mahali alipokuwa amejenga maabara mpya. Akapitia Denmark, akapitia Uingereza, akafika Marekani 1939 na kuendelea na miale yake. Mwaka huohuo wa 1938 Hess naye, ambaye mke wake alikuwa Myahudi, aliikimbia Austria ya Wanazi, ingawa miaka 2 nyuma alikuwa amegawana Nobel na Anderson. Vitabu vingi vinataja ugunduzi na kuruka safari. Sisi tunaona safari nayo iandikwe.

Siku hizi kuhesabu kunafanyika angani. Chombo cha PAMELA, kilichorushwa 2006, kilionyesha kwamba kwenye nguvu kubwa sehemu ya positroni inapanda, wakati ilitarajiwa kushuka. Mwaka 2012 wenye darubini ya Fermi, isiyo na sumaku, walitenganisha positroni na elektroni kwa kutumia sumaku ya Dunia, karibu ujanja uleule wa Asmara. AMS, chombo cha tani 7 na zaidi, kipo kwenye kituo cha anga tangu 2011. Kiongozi wake, Samuel Ting, alikulia China wakati wa vita na hakupata shule ya kawaida mpaka miaka 12. Mwaka 2013 kundi lake lilitangaza positroni zaidi ya 400,000, na kupanda kule kukathibitika.

Zinatoka wapi? Wengine wanasema pulsa, mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi. Wengine wanasema maada ya giza. Ubishi haujaisha, na AMS bado inahesabu.